Desibeli Sita za Mzee wa Msambweni

Mzee mmoja wa Msambweni, aliyewaudhi majirani zake kwa miaka mingi kwa kosa la kutaka kila kitu kisemwe kwa usahihi, amefariki dunia, na kwa mara ya kwanza tangu arudi kwao kutoka Nairobi hakuna aliyebishana naye. Habari zilinifikia kwa njia ya heshima inayotumika siku hizi, yaani kundi la simu ambalo kwa kawaida hutangaziwa samaki wakavu wa ng'onda, majokofu yaliyokwisha kutumika na viwanja ambavyo mwenyewe yuko Ulaya. Kati ya tangazo la jokofu na tangazo la kiwanja likapita neno: inna lillahi, mzee wetu wa redio ametutoka, atazikwa baada ya alasiri. Wakafuata wale wa vikatuni vya machozi, mmoja baada ya mwingine, wakiwamo watu ambao mimi mwenyewe nimewaona wakivuka barabara kila walipomwona anakuja. Mwenye jokofu alisubiri kidogo, kwa adabu, kisha akauliza kama bado kuna anayelitaka.

Nilikwenda kuzika. Baada ya dua alisimama mwakilishi wetu wa wadi, ambaye hajawahi kukosa maziko yenye watu zaidi ya safu mbili, akatuambia kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu. Sikujua kama nicheke au niitikie amin. Marehemu alikuwa mtu wa vipimo, na watu aliwavumilia kwa sababu tu vipimo haviwezi kujisoma vyenyewe. Mwakilishi akaendelea kusema kwamba mzee huyu aliipenda sana teknolojia, na kwamba ofisi yake ilikuwa mbioni kumpa tuzo. Wafu wa wadi yetu wana bahati hiyo: kila mmoja hufariki tuzo yake ikiwa mbioni. Nilitazama nyuso za waliokuwapo, nikaona zimetulia, kila mtu amekubali, na nikafikiri kwamba aliyelala pale ndani ndiye peke yake ambaye angeinua mkono kuuliza, mbioni kutoka wapi, na kwa mwendo gani.

Kwa msomaji ambaye hakubahatika kuudhiwa naye, nieleze kidogo. Alizaliwa Ramisi, kwenye mashamba ya miwa, akasoma, akaenda Nairobi, na karibu maisha yake yote ya kazi akayamalizia kwenye maabara ya kupima mitambo ya redio. Kazi ya maabara hiyo si kutengeneza kitu wala kukarabati. Kazi yake ni kuvipima vipimo: unaleta mita yako, wanailinganisha na mita yao, wanakwambia yako inadanganya kiasi gani, na unaondoka umenuna. Mtu akiifanya kazi hiyo mpaka mvi zimtoke, haachi kuifanya kwa sababu eti amestaafu. Alirudi Msambweni na koti la maabara, mita moja ya zamani aliyouziwa ilipoondolewa kazini, na tabia ambazo pwani hatuna pa kuziweka.

Kubwa kuliko zote ilikuwa tabia yake ya kujibu salamu. Sisi huku, mtu akikuuliza habari za asubuhi, jibu ni njema. Nyumba inaweza kuwa inaungua nyuma yako, jibu ni njema, alhamdulillahi, kisha ndipo unaomba ndoo. Marehemu hakuwa hivyo. Siku moja nilikuwa kwenye mkahawa wa chai pale Msambweni, akaingia, na muuza mahamri akamwamkia vizuri, "Shikamoo mzee, habari za asubuhi?" Mzee akasimama, akafikiri, akasema, "Marahaba. Si nzuri kama za jana. Goti la kushoto limezidi, na mke wangu hasemi nami tangu chakula cha usiku." Muuza mahamri, maskini, akabaki ameshika koleo hewani. "Ah, mzee, lakini ni nzuri tu, sivyo?" akajaribu kumwokoa. "Ungekuwa unataka jibu hilo," akasema mzee akivuta kiti, "ungejijibu mwenyewe ukaokoa muda wetu. Nipe mahamri mawili." Tangu siku hiyo watu wakawa wanamwamkia wakiwa wamekwisha kumpita.

Jina la Mzee wa Desibeli walimpa vijana wa bodaboda, na yeye, badala ya kukasirika, aliwasahihisha namna ya kulitamka. Desibeli ni hesabu ya mafundi ya kusema kitu kimezidi kingine, au kimezidiwa nacho, mara ngapi. Nguvu ikishuka desibeli tatu, nusu imekwenda. Ikishuka sita, imebaki robo. Neno la muhimu hapo ni "kingine". Hakuna desibeli inayosimama peke yake, alikuwa akisema, kama vile hakuna mtu mrefu katika chumba chenye mtu mmoja. Kwa sababu hiyo alivichukia vile vijiti vya netiweki vilivyo juu ya kioo cha simu. Ukimwambia simu yako imejaa vijiti, angekueleza bila kuulizwa kwamba kila mtengenezaji huamua mwenyewe kijiti kimoja ni nguvu kiasi gani, na kwamba vimewekwa pale kwa kazi ileile ya kioo cha duka la nguo: utoke ukijiona umependeza. Hoteli moja ya Diani iliwahi kumwita aipimie mtandao wake, akawapa matokeo, wakampa chai, wakampa mlango.

Kisha zikaja zama za redio za kompyuta, na amani kidogo iliyokuwa imebaki ikaisha. Zamani redio ilikuwa chombo kizima, kizito, chenye vifundo vya kuzungusha. Siku hizi unachukua kidude kisichozidi kidole gumba, unakichomeka kwenye laptopu, unakifunga antena, na kazi yote iliyobaki inafanywa na programu. Skrini inajaa milima na mabonde ya rangi, na pembeni zinakimbia tarakimu. Mimi nilipokiona mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Yeye alikitazama kama ambavyo kadhi humtazama shahidi aliyevaa miwani ya jua. "Hiki hakijui nguvu ya mawimbi kinayopokea," akaniambia. "Kinajua tu kimejaa kiasi gani. Ni sawa na mtu akwambie chombo chake kimejaa nusu. Kikombe cha kahawa au pipa? Hasemi. Na wewe unakwenda kuandika kwamba maji yapo ya kutosha." Tena kina tabia mbaya zaidi: mawimbi yakiwa dhaifu kinajiongeza chenyewe, yakiwa makali kinajipunguza, mradi skrini ipendeze. Ukikiacha hivyo hivyo, kitapokea mnong'ono na ukelele kikavionyesha kwa kimo kimoja. "Kimelelewa pwani," akasema. "Ukikiuliza habari, kitakwambia njema."

Dawa yake, kwa maelezo ya marehemu, ni moja. Unakikataza kwanza kujiongeza na kujipunguza. Halafu unakipeleka maabara, unakifunga kwa waya kwenye mashine inayotoa mawimbi ya nguvu inayojulikana, nguvu ambayo nayo imehakikiwa kwa mita iliyohakikiwa kwa mita kubwa kuliko yenyewe, mpaka mwisho wa ukoo. Unaishusha nguvu ngazi kwa ngazi na kila ngazi unauliza: wewe unasemaje? Tofauti ya kinachosema na kilicho kweli ndiyo utakayoiongeza au kuitoa kila utakapokitumia, pamoja na hesabu ya kile kinachopotea kwenye waya. Kazi hii inaitwa kusawazisha. Inachosha, haina picha nzuri ya kuweka mtandaoni, na hakuna mfadhili aliyewahi kuikatia utepe.

Sasa niwapeleke Mkwiro. Wasini ni kisiwa kirefu na chembamba, na Mkwiro ni kijiji cha wavuvi kwenye ncha yake ya mashariki. Simu za mkononi hushika huko zinapojisikia. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati ana redio koli mezani, ile ya kubonyeza na kusemeshana, na manahodha wa boti za injini wana zao, na kati yao umesimama mnara mzee, mfupi, wenye kutu, kwenye mwinuko nyuma ya Shimoni, ambao hudaka sauti dhaifu ya redio na kuirusha tena kwa nguvu. Mama akizidiwa na uchungu, muuguzi anaita, boti inakuja, mama anavushwa Shimoni, gari linamchukua hadi hospitali Msambweni. Basi likaja shirika moja la hisani, ambalo sitalitaja kwa kuwa lina nia njema na lina mawakili, likajenga mnara mpya mrefu upande wa Majoreni, magharibi kabisa, na kupendekeza mnara mzee ung'olewe, kwani kutunza minara miwili ni israfu. Afisa wa mradi, kijana wa bara, mwerevu na mcheshi, alizunguka kisiwa kwa boti na kidude chake kwenye laptopu, akarudi na ramani ya kijani tupu. Haikuwa na doa. Ilikuwa kama picha ya peponi.

Ramani hiyo ilionyeshwa Shimoni, chini ya hema, mbele ya watu wenye fulana mpya, na harufu ya pilau ikitoka nyuma. Mzee alisimama kabla ya pilau. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza.

"Kijana wangu," akasema, "hii rangi ya kijani ni nguvu kiasi gani?"

"Ni nguvu tosha, mzee. Mambo iko fiti kabisa."

"Fiti ni desibeli ngapi, ukilinganisha na nini?"

"Mzee wangu, programu ndiyo inapiga hesabu. Ni teknolojia ya kisasa, haikosei."

"Na programu aliiambia nani?"

"Mzee, keti!" akapaza sauti mtu wa nyuma. "Programu iliambiwa na mamako! Pilau linapoa!"

Watu wakacheka, na mzee akangoja wamalize, kisha akatoa mkobani mita yake ya zamani. Alikuwa amekwenda nayo Mkwiro kwa nauli yake, akasema, na kwa kipimo chake mnara mpya ulikuwa hauwafikii kabisa. Si pwani, si msikitini, si popote. Kijani cha kijana kilikuwa chekundu chake. Mwenyekiti wa kamati ya wavuvi, nahodha wa Mkwiro mwenye mwili mkubwa na subira ndogo, akawatazama wote wawili. "Huyu anasema kuna, huyu anasema hakuna. Sisi tumwamini yupi, mwenye fulana au mwenye koti?" Hapo akasimama muuguzi wa zahanati, mwanamke mfupi. "Mtakayemwamini mwaminini," akasema, "lakini mkikosea, si nyinyi mtakaokaa na mzazi anayevuja damu huku mimi naita na hanijibu mtu." Pilau likasahaulika. Ikaamuliwa kwamba mnara mzee usiguswe kwanza, na mabingwa wawili waende na vyombo vyao kwenye hiyo maabara ambayo mzee alikuwa akiitaja kila siku kama mahujaji wanavyoitaja Makka. Mimi nikatumwa nao kama shahidi, eti kwa kuwa mwandishi wa gazeti hana upande. Watu wa Mkwiro wana imani kubwa na magazeti. Ni wazi hayafiki huko.

Tulikwenda kwa treni. Mzee aliipakata mita yake njia nzima, imefungwa kwa leso ya mkewe, na cheti chake chenye mhuri kikiwa kifuani. Maabara ni chumba cheupe chenye baridi ya kuumiza meno, ambamo mashine huwashwa mapema zipate joto lake la kawaida kabla ya kuulizwa lolote, heshima ambayo mimi sijawahi kupewa katika ofisi yoyote. Mkuu wa chumba alikuwa mama mmoja aliyefundishwa na marehemu. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba. Umekonda." "Asante, Mwalimu," akasema mama, ambaye alimjua. Kidude cha kijana kikafungwa kwanza. Kilikuwa kimeachwa kijiongeze na kujipunguza kilivyotaka, na tarakimu zake hazikuwahi kulinganishwa na chochote tangu kizaliwe. Mama alishusha nguvu ngazi baada ya ngazi, na kidude kikaendelea kutabasamu tu, kila kitu kijani, mpaka mawimbi yalipokaribia kutokuwapo. Kijana akajikuna kisogo. Mzee alisimama wima kidogo zaidi.

"Na hii yako, Mwalimu, tuipime?"

"Yangu ina cheti."

"Cha lini?"

Mzee akakohoa. "Cha zamani nyinyi mkiwa mnafuta meza."

"Basi nayo imezeeka pamoja nasi," akasema mama, akinyoosha mkono. Mita ikafungwa. Ikaulizwa mara moja, ikaulizwa tena, nyaya za maabara zikabadilishwa, ikaulizwa tena. Kila nguvu iliyopewa iliisoma pungufu, desibeli sita kasoro kidogo. Mama akaifungua shingo ya waya uliotoka nayo Msambweni, akaupeleka chini ya taa. Ndani kulikuwa na ukungu wa kijani. "Chumvi, Mwalimu. Bahari imekula kiungo." Alikuwa ameipima mita yake Nairobi, kwenye hewa kavu, akahamia nayo hatua chache kutoka ufukweni, na kwa miaka yote hiyo akakiamini cheti badala ya kiungo. Mawimbi yote aliyopima pwani nzima yaliingia mlangoni yakiwa yamekwisha kunyang'anywa robo tatu. Hata ile hoteli ya Diani alikuwa ameionea. Mzee alikishika kile kiungo chini ya taa kwa muda mrefu. Nilitazamia kijana acheke, na kijana hakucheka. Alikuwa akiangalia kwingine, kama mtu aliyefungua mlango bila hodi.

Tuliporudi pwani, nahodha mwenyekiti alikuja kutupokea, akasikiliza habari zote, akamvuta mzee pembeni, ingawa hakunivuta mimi mbali vya kutosha. "Mzee, ya kijana tumeisikia, inatosha. Hiyo ya kwako si ya kusema. Ukiisema tu, mnara wetu mzee umekwenda." Mzee akamuuliza kama Shimoni kumenyesha. Na mkutano ulipokaa, akasimama wa kwanza, akaanza na ya kwake. Akaeleza cheti, chumvi, desibeli sita. Akasema kwamba alipotangaza kuwa mawimbi ya mnara mpya hayafiki Mkwiro popote, alikosea, na kwamba yapo mahali yanapofika vizuri.

Hema likalipuka. "Mzee wa Desibeli leo kapungukiwa!" "Kubali tu umeshindwa, babu!"

"Sijashindwa," akasema. "Nimepimwa. Ni mambo mawili mbalimbali."

Muuguzi alikuwa amesimama, macho yamemwiva. "Baba, wewe umekuja kututetea au kututosa?"

"Mwanangu," mzee akamwambia, na ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema kwa upole, "nikizificha sita zangu, huyu kijana ana haki ya kuzificha zake zote. Kisha utabaki wewe na ukuta wa zahanati yako. Sasa vyombo vyote viwili tunajua vinadanganya kiasi gani. Twendeni Mkwiro tukaviulize tena."

Tukavuka. Mnara mzee ulizimwa kwa muda, usije ukatusaidia bila kuombwa. Kijana alikifunga kidude chake kisijiongeze, akaweka marekebisho yake. Mzee akafunga waya mpya, uliopimwa kulekule maabara. Walisimama bega kwa bega ufukweni, wakasoma. Tarakimu zikawa zilezile, zikipishana kwa unywele. Mbele ya msikiti, zilezile. Nimeripoti mikutano ya amani, mapatano ya ardhi na ndoa za viongozi, na sijapata kuona mahasimu wawili wakikubaliana kikamilifu namna ile, tena wakiwa hawazungumzi. Ufukweni mawimbi yalikuwapo ya kutosha. Kijana hakuwa mwongo. Kisha tukaingia chumba cha kujifungulia, chenye kuta nene za mawe ya matumbawe na paa la bati, upande ambao kisiwa chote kimelala kati yake na Majoreni. Kijana alitazama laptopu, akaisogeza dirishani, akairudisha.

"Mzee," akasema taratibu, "hapa haishiki. Yako inasemaje?"

"Inasema unavyosema."

Muuguzi akainua redio yake, akaita boti. Ikajibu mvumo mtupu. Akaita tena, akitutazama usoni mmoja mmoja, na hakuna aliyeweza kumtazama. Kijana aliiandika ripoti mwenyewe, papo hapo, juu ya kitanda cha wazazi, na mnara mzee ukabaki. Shirika liliupaka hata rangi, na katika jarida lao la mwaka likaeleza kwamba tangu mwanzo lilikusudia kuuhifadhi.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu naona nchi yetu imejaa ramani za kijani. Ripoti za ofisi ni za kijani, tathmini za wafanyakazi ni za kijani, barabara ambayo haijawahi kuonana na lami ni ya kijani katika kitabu cha kaunti. Si lazima mtu awe ameghushi. Inatosha kuachia chombo kijiongeze chenyewe pale jambo linapokuwa dogo na kijipunguze pale malalamiko yanapokuwa makubwa, mpaka kila kitu kilingane na skrini ipendeze. Hayo wasomaji wangu mmezoea kunisikia nikiyasema, na nyote mnatikisa kichwa, kwa kuwa ramani ya kijani siku zote ni ya mtu mwingine. Lakini tupo pia sisi wa mita nyekundu: wakosoaji, wastaafu, waandishi wa safu, watu tuliopimwa zamani tukapewa cheti, ambao kwetu sisi hakuna mnara unaofika popote wala kiongozi aliyepata kufanya lolote. Tunajiona wakweli kwa sababu tunaudhi. Haitupitikii kwamba inawezekana kuudhi na kukosea kwa wakati mmoja, na kwamba chumvi haiulizi kama mtu ana nia njema kabla ya kumla kiungo. Mwenye kijani na mwenye chekundu wanaweza kutukanana hadi kiyama, kila mmoja na chombo chake, na mzazi akavuja damu katikati yao. Waliomaliza ubishi wa Shimoni hawakuwa na ufasaha zaidi ya wengine. Walikubali kufungwa kwenye mashine moja, mbele ya shahidi, na kila mmoja akaondoka na idadi ya makosa yake mfukoni.

Narudi mazikoni, maana kuna jambo liliwaudhi waliokuwapo kuliko hotuba. Mkwiro haikuja. Hakuonekana nahodha, hakuonekana muuguzi, hakuonekana hata mvuvi mmoja. Kijana wa mradi, ambaye siku hizi yuko kazini mbali, alisafiri akafika, akashika jembe kwa zamu kama mtu wa nyumbani. Lakini wale waliopiganiwa, hakuna. Watu wakaanza kunong'ona tukiwa bado tunakung'uta mchanga. "Umeona binadamu? Mzee kajitia aibu mbele ya hema kwa ajili yao." "Shukrani za watu wa kisiwani hizo." Mwakilishi wa wadi naye akatikisa kichwa kwa masikitiko, akiwa labda anahesabu upya kura za Wasini.

Mimi kazi yangu ni kuuliza. Nilimpigia nahodha jioni, na baada ya kujaribu mara kadhaa simu ikajisikia kushika. Walikuwa wametoka, akaniambia. Boti ilijaa wanaume wa kanzu, wameshavuka nusu ya mlango wa bahari, Shimoni inaonekana. Ndipo redio ilipoita, na sauti ilikuwa ya muuguzi, kwa mnara ule mzee, kutoka chumba kilekile cha kujifungulia, mlango umefungwa: mama mmoja amezidiwa, damu haikatiki. Wakageuza. Wenye kanzu walishushwa majini hadi magotini ili boti iwe nyepesi, mama akapandishwa, muuguzi akiwa ameushika mkono wake, na injini ikafunguliwa yote. Walipomkabidhi kwenye gari, alasiri ilikuwa imekwisha kusaliwa na mzee alikuwa chini ya mchanga.

"Tumemkosa mzee wetu," akasema nahodha, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi. Nikamuuliza habari za yule mama. Akasema yuko hospitali, hai, na mtoto wa kike anamnyonya.

Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wa Msambweni. Kama kuna jambo unaloliamini kiasi cha kuligombania, ndugu msomaji, lipeleke likapimwe meza moja na la hasimu wako, na ukirudi mbele ya watu uanze kwa kusoma kosa lako wewe. Watakucheka, na ulio upande wao watakuwa wa kwanza kukukasirikia. Na siku yako ya kuzikwa, usitegemee safu ndefu; kama ulipima vizuri, wale uliowapimia huenda wakawa na mtu wa kumwahisha hospitali.